Ufunguo Mpe Mwenye Kununua



Mama wa Kipwani akienda kununua samaki hamuamini mchuuzi kwa maneno matupu. Humfunua changu mashavu aone kama bado ni mekundu, humbonyeza ubavu kwa kidole, humtazama jicho, ndipo akauliza bei. Samaki huyo ni wa shilingi mia tano, na kabla ya alasiri ameshaliwa. Lakini mama huyo huyo, pamoja na mumewe na wanawe, siku wanaponunua gari kwa fedha za miaka, aghalabu hutosheka kulizunguka mara moja, kukaa kitini, kuwashiwa redio na kuambiwa kwamba limeshuka bandarini juzi. Mashavu ya gari hayafunuliwi likiwa limesimama. Hufunuliwa njiani.

Jambo hili limenishughulisha tangu binti yangu alipoazimia kununua gari. Yeye ni muuguzi. Zamu yake ikiisha usiku, hutoka hospitalini saa tatu au saa nne, akasimama kando ya barabara kungojea matatu au tuktuk, mkoba kaukumbatia ndani ya buibui. Mamake halali mpaka asikie lango. Kwa miaka saba aliweka akiba kidogo kidogo, na mwaka huu akaiongezea thamani ya kipande cha shamba la minazi alichopewa hiba na nyanyake. Hakutaka mkopo wa riba, wala hakutaka kuchangiwa. Fedha zilipotimia alitujia sebuleni akatutajia gari alitakalo: Suzuki Swift Sport.

Kwa wasiolijua, hili ni gari dogo la milango mitano, ukihesabu ule wa nyuma unaoinuliwa juu, na urefu wake haufiki mita nne. Swift ya kawaida mwaiona kila siku mjini, hujaa katika nafasi ambayo gari kubwa lingeikimbia. Hii ya Sport ni ndugu yake aliyetiwa misuli. Kizazi alichokitaka binti yangu kilianza kuuzwa Japani mwaka 2017. Injini yake ni ya lita 1.4 tu, lakini ina tabo, yaani kipepeo kidogo kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kuisukumia hewa zaidi, na kwa sababu hiyo hutoa nguvu za farasi 140. Gari zima, lenye gia za otomatiki, lina uzito wa kilo 990. Nguvu nyingi, mzigo mchache: hapo ndipo wepesi wake ulipo. Fikra yenyewe si ngeni. Wajerumani wa Volkswagen walipoanza kuuza Golf GTI mwaka 1976 walifanya vivyo hivyo. Walichukua gari la kupelekea watoto shule na kwendea sokoni, wakalitia injini yenye nguvu na miguu imara, wakaliachia viti vyake vya familia.

Nilimuuliza binti yangu swali moja: kwa nini hili, ilhali kuna Vitz na Demio za bei nafuu zitakazomfikisha kazini vilevile? Akanijibu kwa adabu, "Baba, usiku kucha nimesimama wodini kwa ajili ya wengine. Ile nusu saa ya kurudi nyumbani ni yangu. Nataka niifurahie." Sikuona la kupinga katika maneno hayo. Anayefanya kazi ya halali ana haki ya kupenda chombo kizuri.

Hata hivyo nilikuwa na langu moyoni. Kwa kazi yangu nimeswalisha majeneza ya vijana wengi walioondoka kwa ajali za barabarani, na nimekaa na mama zao siku za tanga. Najua kwamba magari mengi katika hayo hayakuwa na nguvu yoyote ya ajabu. Yalikuwa magari ya kawaida, yenye tairi zilizokwisha, breki zilizolegea, au dereva mwenye haraka. Kwa hiyo sikumwambia binti yangu asilinunue gari lenye mbio. Nilimwambia tukalijaribu, na tulijaribu hasa kusimama kwake.

Katika yadi tuliyokwenda, kijana wa mauzo alinipokea mimi kwa heshima kubwa. "Karibu sheikhe, karibu mzee wetu." Akanieleza mimi habari za injini, akanitajia mimi bei, kisha akaninyooshea ufunguo. Binti yangu alikuwa amesimama hatua mbili kando kama aliyekuja kutusindikiza. Nikamwambia, "Mnunuzi ni huyu. Ufunguo mpe yeye." Kijana akacheka kidogo, akampa. Nalieleza jambo hili kwa sababu dada zetu wengi wamenihadithia mambo kama hayo. Mali ya mwanamke ni yake, nayo sheria yetu imelithibitisha hilo tangu zamani. Iwapo fedha ni zake na usukani utakuwa wake, basi majaribio ni yake pia. Baba, mume au kaka aliyefuatana naye ni shahidi na mshauri. Na kufuatana naye kuna faida, kwani si vyema mwanamke kuingia peke yake garini na muuzaji asiyemjua akapelekwa barabara asizozichagua.

Binti yangu aliweka kiganja juu ya boneti kabla ya jambo lolote. Ilikuwa ya moto, na wala si moto wa jua, kwa kuwa gari lilikuwa kivulini. Injini ilikuwa imekwisha kuwashwa kabla hatujafika. Akasema tutarudi kesho asubuhi, na akaomba isiguswe mpaka tuje. Watu wengine wataona huo ni usumbufu, lakini injini huficha mengi ikishapata moto. Ikiwa baridi ndipo utakaposikia mlio wa chuma usiotakikana, utakapoona moshi wa buluu unaoashiria kwamba oili inaungua ndani, na utakapojua kama betri ina nguvu au inabembelezwa.

Kesho yake tulirudi watu watatu, maana mamake alisema naye atapanda. Tuliuliza kwanza kama bima ya yadi inamhusu dereva mwenye kujaribu, tukaonyeshwa karatasi. Kisha tukazitazama karatasi za gari lenyewe. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na kila gari hukaguliwa huko litokako kabla ya kupakiwa melini, likapewa cheti. Kilomita zilizoandikwa katika cheti hicho hulinganishwa na zile za kwenye dashibodi. Iwapo dashibodi inaonyesha chache kuliko cheti, hakuna haja ya kuendelea. Kuna na karatasi nyingine, ile ya mnada wa Japani, ambayo magari mengi yanayopita mnadani huwa nayo. Wakaguzi wa minada huandika humo daraja la gari, na likiwa liliwahi kugongwa likatengenezwa, aghalabu hulipa herufi R badala ya namba. Binti yangu aliiomba karatasi hiyo. Kijana akasema iko ofisi nyingine, itatafutwa.

Tukaondoka, binti yangu kwenye usukani, mimi kando yake, mamake nyuma na kijana wa yadi. Tulivuka Daraja la Nyali, tukapita Kongowea na msongamano wake, tukashika barabara ya Malindi. Nilifurahi kwamba msongamano ulikuwapo. Gari la namna hii huonyeshwa wanunuzi katika njia nyeupe, likafyatuka, kila mtu akashangilia. Lakini maisha ya gari Mombasa hupita zaidi nyuma ya lori na katikati ya tuktuk, kiyoyozi kikiwaka na jua likiwa utosini. Tulitaka kujua kama kipimo cha joto kitatulia mahali pake, kama kiyoyozi kitaendelea kutoa baridi gari likisimama, na kama gia zitabadilika polepole bila kushtua. Yote hayo lilifaulu.

Kwenye matuta ndipo tulipoanza kulijua zaidi. Tumbo la Swift Sport liko milimita 120 tu juu ya ardhi. Tairi zake ni nyembamba ubavuni, rimu za inchi 17, na ile mpira iliyo kati ya rimu na barabara kimo chake ni kama milimita 88, yaani karibu upana wa kiganja. Huko Japani, penye lami kama kioo, hiyo ni sifa. Hapa kwetu kila shimo humfikia abiria. Binti yangu alipunguza mwendo, akalipandisha tuta kwa upole, na gari likapita bila kukwaruza. Mamake akasema kutoka nyuma, "Hili halijui kubembeleza." Ni kweli. Lilikuwa gumu, ingawa ugumu huo huo ndio unaolifanya lishike kona bila kuyumba.

Mamake ndiye aliyegundua mengine ambayo mimi nisingeyaona. Wakati wa kupanda alipapasa mlango wa nyuma akitafuta kitasa mahali pake pa kawaida, asikipate, kwa kuwa katika Swift hii kitasa cha nyuma kimefichwa juu, karibu na kioo. Mtoto mdogo hakifikii. Kiti ni cha chini, na kwa goti lake la miaka hamsini na miwili, kushuka kulihitaji kushikwa mkono. Pindo la buibui lilitaka kubanwa na mlango mara mbili. Buti lake ni la lita 265, akalipima kwa macho akasema litachukua sufuria moja ya biriani, si mbili, nasi tukienda Malindi kwa harusi huchukua mbili. Tulicheka, lakini hayo ndiyo majaribio ya kweli. Gari la familia halijaribiwi na dereva peke yake. Mpandisheni na nyanya, mtieni na kiti cha mtoto, muone kama kitafungika.

Baada ya Bamburi njia ilifunguka kidogo. Binti yangu alitazama vioo, akahakikisha hapana mtu nyuma, akakanyaga mafuta mara moja tu. Nguvu ya kuvuta ya injini hii hufikia kilele chake ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, yaani mapema, kabla hata haijapiga kelele. Gari likatusukuma viti kwa mgongo kama mtu anayeharakishwa na wimbi la kusi. Yeye akatabasamu, kisha akaachia. Nguvu hiyo ina kazi yake. Ukitaka kulipita lori katika barabara ya njia mbili, sekunde chache unazokaa upande wa pili ndizo zenye hatari, na gari lililo jepesi huzipunguza.

Lakini tulikuja kujaribu kusimama, na hapa nawaomba wazazi mnisikilize. Gari likienda kilomita 100 kwa saa, kila sekunde hula karibu mita 28 za barabara. Na mwendo ukiongezeka maradufu, kutoka 50 hadi 100, umbali unaohitajika kulisimamisha kwa breki hauongezeki maradufu. Huongezeka mara nne. Kijana anayesema "nilikuwa nimezidisha kidogo" hajui kwamba breki humdai mwendo wake mara mbili. Kwa hiyo mahali palipokuwa peupe, kwa mwendo wa kilomita 50, binti yangu alikanyaga breki kwa nguvu, mikono imelegea kidogo juu ya usukani. Gari lilisimama haraka. Lakini lilisimama likivuta upande wa kushoto.

Akarudia. Likavuta tena. Akanigeukia akasema, "Baba, endesha wewe, usiniambie kitu, kisha tutaambizana."

Basi nikashika usukani. Mimi nimezoea Probox yangu kuukuu inayobeba vitabu vya madrasa na magunia ya mchele, na sitaificha raha niliyoipata. Usukani ulikuwa mwepesi na mkweli, ukiugeuza kidogo gari lageuka kidogo. Mtu wa umri wangu anaelewa haraka kwa nini vijana hupenda vyombo hivi. Nilirudi nalo hadi karibu na Nyali kwa mwendo wa wastani, nikalijaribu breki mahali pasipo na watu, nalo likaenda kushoto kama mtu anayeitwa na jirani. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Nami ndivyo nilivyohisi."

Kijana wa yadi alisema ni upepo wa tairi tu. Huenda ikawa hivyo. Tairi isiyo na upepo wa kutosha huvuta gari, na breki iliyoshika upande mmoja huvuta, na magurudumu yasiyolingana huvuta. Hatukumtuhumu. Tulikwenda kituo cha petroli, tairi zote nne zikapimwa, zikajazwa sawasawa. Gari likavuta vilevile. Binti yangu akaomba lipelekwe kwa fundi wake, si fundi wa yadi, kwa gharama yake mwenyewe. Baada ya kusitasita kidogo wakakubali.

Fundi aliliingiza juu ya shimo, akatutaka tutazame wenyewe. Boti za fenda ya kushoto zilikuwa na mikwaruzo ya spana, rangi yake imeng'oka kwenye pembe, ilhali za upande wa kulia zilikuwa hazijaguswa tangu kiwandani. Chini, kwenye mhimili wa mbele, palikuwa na mshono wa kuchomelewa uliopakwa rangi nyeusi. Gari lilikuwa limegongwa, likatengenezwa vizuri kwa macho, si kwa breki. Tuliporudi yadini, mwenye yadi hakukana. Alisema ni jambo dogo, akajitolea kupunguza shilingi laki moja.

Katika darasa za fiqhi tulisomeshwa mlango wa biashara kabla hatujaota ndevu: muuzaji anayeijua aibu ya bidhaa yake analazimika kuidhihirisha, na mnunuzi aliyeuziwa kwa kufichwa ana hiari ya kurudisha. Zamani mifano ilikuwa ya ngamia, nafaka na vitambaa. Hukumu haikubadilika kwa kuwa bidhaa imepata tabo na viti vya ngozi. Aliyefichwa aibu ya kitambaa hupoteza nguo, na aliyefichwa aibu ya gari huenda asirudi nyumbani. Laki moja si fidia ya jambo hilo.

Binti yangu hakujadiliana. Aliuweka ufunguo juu ya meza, akashukuru, akasema, "Fedha hizi ni minazi ya nyanyangu. Siwezi kuzitia katika kitu kisichosimama sawa." Tukatoka. Hasara yetu ilikuwa ada ya fundi na asubuhi mbili. Hasara yake yeye ilikuwa kubwa zaidi, kwani alikuwa ameshalipenda gari lile, na usiku ule alikuwa na zamu, akarudi saa nne kwa tuktuk kama kawaida.

Enyi dada zangu, msinunue gari msiloliendesha. Ombeni ufunguo, wala msione haya. Lijaribuni likiwa baridi, na katika njia zenu za kila siku. Wapandisheni mtakaowabeba. Zimeni redio. Kanyageni breki kabla ya kuvutiwa na mafuta. Mwiteni fundi msiyeonyeshwa na muuzaji, na karatasi isemwayo "itatafutwa" ihesabuni kuwa haipo mpaka muione. Muuzaji mkweli hachukizwi na lolote katika hayo, na akichukizwa, amekwisha kuwapa jibu.

Nanyi akina baba na waume, tuwasindikize bila kuwavua usukani. Siku ile mimi nilikuwa na macho, yeye alikuwa na mikono, na mamake alikuwa na goti. Kila mmoja aliona sehemu yake, na uamuzi ukabaki kwa mwenye mali.

Jumamosi hii, inshallah, atakwenda kulitazama lingine, Swift Sport vilevile, la mwalimu mmoja anayeliuza mwenyewe pamoja na karatasi ya mnada. Ameandika orodha yake kwenye daftari la zamu. Nimeisoma. Ina mambo kumi na matatu, na la mwisho ni kitasa cha mlango wa nyuma: tumfundishe mama pa kukishika.